Fuvu la Kalenga na Vipimo vya Wataalamu

Kalenga ni kijiji kilicho kando ya mto Ruaha Mdogo, mwendo wa kilomita 15 hivi kutoka mji wa Iringa. Hapo palikuwa makao makuu ya Wahehe, penye ngome ya mawe iliyoanguka mbele ya mizinga ya Wadachi tarehe 30 Oktoba 1894. Siku hizi pana nyumba ndogo ya makumbusho, na ndani yake, katika sanduku la kioo, limewekwa fuvu la kichwa cha mtu. Mgeni aingiaye huambiwa kwamba hilo ni fuvu la Mtwa Mkwawa, aliyewashinda Wajerumani pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 na kumwua kamanda wao, Emil von Zelewski.

Mgeni mwenye adabu hutazama, akanyamaza, akatoka. Hata hivyo liko swali ambalo sanduku lile halilijibu: ilijulikanaje kuwa fuvu hilo ni la Mkwawa, wala si la mtu mwingine? Jibu lake ni la sayansi, au la kitu kilichojiita sayansi. Tena linagusa mjadala mkubwa wa zama hizi miongoni mwa wanavyuo wa dunia: nani alipie utafiti, matokeo yake yachapishwe wapi na kwa bei gani, na nani apewe haki ya kuyahukumu. Mjadala huo huzungumzwa kana kwamba ulizaliwa jana katika vyuo vya Ulaya na Marekani. Habari za Kalenga zinaonyesha kuwa umri wake ni mkubwa zaidi, na kwamba waliotozwa gharama kubwa hawakupata kusikilizwa.

Baada ya kuanguka kwa ngome yake, Mkwawa alipigana vita vya msituni kwa muda wa miaka minne. Serikali ya Kijerumani iliahidi rupia 5,000 kwa yeyote atakayemleta au kuleta kichwa chake. Tarehe 19 Julai 1898, alipozingirwa upande wa Mlambalasi, alijipiga risasi kichwani. Sajenti-Meja Merkl aliamuru kichwa kikatwe, nacho kikapelekwa Iringa kwa Kapteni Tom von Prince. Toka hapo habari zake zinapotea katika maneno ya watu wanaopingana: kuna wasemao kuwa kilipelekwa Ujerumani, na kuna wasemao kuwa hakikuvuka bahari kamwe.

Kwa nini kichwa cha adui kivushwe bahari? Sababu ya kwanza, yaani fahari ya mshindi, hueleweka bila kufafanuliwa. Sababu ya pili ilikuwa na sura ya elimu, nayo ndiyo inayohusu habari hii. Mwaka 1889 Baraza la Shirikisho la Ujerumani lilipitisha azimio kwamba vitu vyote vitakavyokusanywa katika misafara iliyolipiwa na hazina ya dola vipelekwe kwanza kwenye makumbusho ya Berlin. Baada ya muda mfupi azimio likawafunga hata maofisa na askari waliokuwa makoloni. Kwa hiyo mwenye kulipa ndiye aliyekuwa mwenye ushahidi. Kila ngao, kila ngoma na kila fuvu lilikuwa na njia iliyokwisha kuchorwa kabla halijaokotwa, nayo iliishia Berlin.

Huko aliyekuwa akingoja ni Felix von Luschan, mtaalamu wa makumbusho ya mataifa na baadaye profesa wa chuo kikuu. Aliandika mwongozo wa kuwafundisha wasafiri na maofisa namna ya kutazama, kupima na kukusanya, nao ulitolewa mwaka 1899. Daktari wa kikosi, mpima ardhi, mkuu wa boma, wote waligeuzwa watumishi wa utafiti bila kusomea utafiti. Mafuvu yalitoka makaburini, katika uwanja wa vita, na mahali pa kunyongea watu. Walioachwa na marehemu hawakuulizwa. Jambo la kushangaza ni kwamba Luschan huyo huyo, katika mkutano wa mataifa uliofanyika London mwaka 1911, alisema kuwa wanadamu ni jamii moja na kwamba hakuna kabila lililo duni kwa asili. Aliyasema hayo, kisha akaendelea kukusanya. Alipokufa mwaka 1924, mkusanyo wake binafsi wa mafuvu zaidi ya 5,000 ulinunuliwa na Makumbusho ya Marekani ya Viumbe na Maumbile ya New York, kwa fedha za tajiri Felix Warburg. Hata baada ya kifo cha mkusanyaji, bei iliendelea kuamua mahali pa mifupa.

Upande wa uchapishaji haukuwa mwema zaidi. Jan Czekanowski, Mpoland aliyefuatana na msafara wa Mtawala Adolf Friedrich wa Mecklenburg mwaka 1907 na 1908, alirudi na mafuvu yapatayo elfu moja, mengi yakiwa ya Rwanda. Matunda ya safari yalitokea katika vitabu vikubwa vya Kijerumani, vyenye majedwali ya namba kwa mamia. Mtu wa Rwanda hakuweza kuvisoma, wala hakukusudiwa kuvisoma. Walioweza kuvikosoa ni wapimaji wenzake tu, na mpimaji kwa mpimaji waliulizana kama kipimo kimeshikwa sawasawa. Kama kipimo chenyewe kina maana, hilo halikuwa swali lao.

Kipimo walichokipenda kilikuwa rahisi mno: upana wa kichwa hugawanywa kwa urefu wake, kisha jibu likazidishwa mara 100. Kilibuniwa na Anders Retzius wa Sweden katika miaka ya 1840, na kwa muda mrefu kilisadikiwa kuwa muhuri wa nasaba usiobadilika. Aliyekitikisa ni Franz Boas. Tume ya uhamiaji ya serikali ya Marekani ndiyo iliyomlipa, na serikali hiyo ilikuwa ikitafuta hoja juu ya wageni waliokuwa wakimiminika nchini. Boas na wasaidizi wake walipima watu karibu 18,000 wa New York, wakaona kwamba vichwa vya watoto waliozaliwa Marekani vilitofautiana na vya wazazi wao waliozaliwa Ulaya. Ulitolewa kwa fedha za serikali, wala haukuwa wa kumfurahisha mlipaji. Zaidi ya hayo, mwaka 1928 Boas alichapisha vipimo vyenyewe, mtu kwa mtu. Kwa sababu hiyo mwaka 2002 na 2003 wataalamu wa vizazi vingine waliweza kurudia hesabu zake, wakabishana juu ya ukubwa wa tofauti ile. Kubishana kwao ni heshima kwa Boas, maana hakuna awezaye kubishana na namba zilizofichwa.

Sasa turudi kwenye kichwa cha Mkwawa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu la Sultani Mkwawa kwa serikali ya Uingereza katika muda wa miezi sita. Kifungu hicho hicho kiliamuru msahafu wa Khalifa Uthmani urudishwe kwa Mfalme wa Hijazi. Hivyo mifupa ya Uhehe ikaandikwa sambamba na kitabu kitakatifu. Wajerumani wakajibu kwamba hawana habari ya fuvu hilo, na shauri likalala zaidi ya miaka 30.

Aliyeliamsha ni Sir Edward Twining, Gavana wa Tanganyika. Mwaka 1953 alikwenda mwenyewe katika makumbusho ya Bremen, palipokuwa na mafuvu yapatayo 2,000, na kati ya hayo 84 yakiwa ya Afrika ya Mashariki. Alitenga yale ambayo vipimo vyake vilikaribiana na vipimo vya vichwa vya jamaa za Mkwawa waliokuwa hai. Kisha katika hayo akachagua moja lililokuwa na tundu la risasi. Fuvu likapatikana. Kwa maneno mengine, kipimo cha Retzius, ambacho Boas alikwisha kukitilia shaka zaidi ya miaka 40 kabla, ndicho kilichotumika kumtambua mtu aliyekufa akikataa kutawaliwa na wenye vipimo.

Hukumu hiyo haikupelekwa mbele ya baraza la wataalamu wasiokuwa na maslahi. Gavana alikuwa ndiye mtafutaji, ndiye mpimaji na ndiye hakimu, na safari yake ilikuwa na shabaha ya siasa. Nchini Kenya vita vya Mau Mau vilikuwa vikiendelea, na wanahistoria wameeleza kwamba Waingereza walitaka kuwaweka Wahehe karibu nao. Tarehe 19 Juni 1954, mbele ya umati mkubwa pale Kalenga, Twining alimkabidhi fuvu Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge la Tanzania. Siku 18 baadaye, tarehe 7 Julai, chama cha TANU kiliundwa Dar es Salaam.

Haifai kudhani kwamba Wahehe walidanganywa kama watoto. Walilipokea fuvu kwa sababu zao wenyewe: mzee wao alikuwa amerudi, na mkoloni alikuwa amekiri kwa vitendo kwamba kuna deni. Hayo yalikuwa kweli hata kama tundu la risasi lilikuwa la kichwa cha mtu mwingine. Ila heshima ya Kalenga ni jambo moja, na ushahidi wa Bremen ni jambo lingine. Lawama ni ya yule aliyeyachanganya kwa makusudi.

Tanzania huru ilijaribu kuufunga mlango uliokuwa wazi. Baraza la Utafiti wa Sayansi liliundwa kwa sheria ya mwaka 1968, na mwaka 1986 ikafuata Tume ya Sayansi na Teknolojia, ambayo mtafiti mgeni hupaswa kupata kibali kwake. Kibali humzuia mtu asichukue bila ruhusa; hakimpi mwenyeji fedha za kuuliza swali lake. Mwaka 2007 viongozi wa Umoja wa Afrika, wakiwa Addis Ababa, walihimizana kila nchi itenge asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti. Azimio ni la kusifiwa, lakini sehemu kubwa ya fedha za utafiti barani imeendelea kutoka ng'ambo, na fedha husafiri pamoja na swali la mwenye fedha. Mwanachuo asiyekuwa na mfuko hujifunza kulipenda swali la mwingine.

Hata akipata jibu, hulikuta soko. Mnamo Novemba 2020 wenye jarida la Nature walitangaza kwamba mwandishi atakaye makala yake isomwe bure na wote atalipa Euro 9,500. Zamani msomaji wa Iringa alizuiwa na lugha na umbali. Sasa mwandishi wa Iringa huzuiwa na ada. Na vyuo vinavyompandisha mtu cheo kwa kuhesabu makala zake na kutazama jina la jarida, badala ya kuzisoma, vinafanya kazi ya Bremen: vinapima gamba na kusadiki kuwa vimepima kilichomo ndani.

Lakini mambo hayakusimama. Mafuvu ya Luschan yaliyobaki Berlin yalikabidhiwa mwaka 2011 kwa Wakfu wa Urithi wa Utamaduni wa Prussia. Tangu mwaka 2017, kwa msaada wa mfuko wa Gerda Henkel, zaidi ya 1,000 yaliyotoka Afrika ya Mashariki ya Kijerumani yalichunguzwa: mengi ni ya Rwanda, na yapatayo 200 ni ya Tanzania. Fedha zilikuwa za Kijerumani kama zamani. Kilichobadilika ni swali, kwa maana sasa liliulizwa kila fuvu lilitoka wapi na kwa mikono ya nani, na wataalamu wa Rwanda waliketi katika kazi hiyo; kitabu kilichotolewa mwaka 2022 kilihaririwa na Mjerumani na Mnyarwanda pamoja. Mnamo Septemba 2023 ilitangazwa kwamba kwa uchunguzi wa vinasaba mafuvu matatu yamepatiwa jamaa walio hai nchini Tanzania. Mmoja wa marehemu hao alikuwa akida wa Mangi Meli, aliyenyongwa na Wajerumani Moshi mwaka 1900. Kichwa cha Mangi Meli mwenyewe hakikuonekana humo.

Ukoo mmoja wa Uchaga, basi, ulipewa yakini ambayo Kalenga haikupewa mwaka 1954. Mwaka 2020 wanahistoria watatu, Bettina Brockmeyer, Frank Edward wa Dar es Salaam na Holger Stoecker, waliifuatilia upya safari ya fuvu la Mkwawa, pamoja na siasa zake na mashaka yake. Makala yao ilitokea kwa Kiingereza, katika jarida la historia ya Ulaya. Mgeni aingiaye makumbusho ya Kalenga husimuliwa habari zile kwa Kiswahili, mbele ya sanduku la kioo.