Sauti Zisizo na Mwenyewe: Wasikilizaji wa Masafa Mafupi Ukingoni mwa Ziwa Viktoria

Sisi watu wa mwambao tumezoea kuihesabu bahari kuwa ndiyo njia kuu ya habari. Jahazi likitia nanga, ndipo mji ulipojua bei ya karafuu, kifo cha mfalme na vita vya mbali. Lakini tangu katikati ya karne ya 20 habari zilipata njia nyingine isiyokuwa na bandari wala forodha, nayo ni mawimbi ya redio ya masafa mafupi. Historia ya mawimbi hayo imeandikwa zaidi kwa upande wa waliosema: serikali, vituo na watangazaji mashuhuri. Upande wa waliosikiliza umesahauliwa, na hasa wale waliosikiliza yasiyowalenga: stesheni zisizotaja makao yao, tarakimu zisizo na maelezo, na milio iliyotoka angani. Makala haya yanautazama upande huo kutokea Mwanza, na yatarejea Unguja pale kisa kitakapoturejesha.

Mwanza ina mahali pake katika jambo hili. Kwa mstari ulionyooka, mji huo uko kiasi cha kilomita 315 kutoka Kampala, ilhali kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Kati yake na Kampala hakuna mlima, ni maji matupu na visiwa. Kwa hiyo mtu wa Kirumba, wa Ukerewe au wa Kome aliyewasha redio yake jioni aliwasikia majirani wa nchi nyingine kwa urahisi uleule aliousikia mji mkuu wake, na pengine zaidi. Usiku nao ulikuwa na desturi zake. Wimbi la masafa mafupi likirushwa juu hukutana na tabaka la anga liitwalo ionosfia, likarejeshwa ardhini mbali sana na lilipoanzia. Jua likishatua, sehemu ya chini ya tabaka hilo, ambayo mchana huyameza mawimbi, hufifia. Hapo ndipo vituo vya mbali hujitokeza kimoja baada ya kingine. Lakini usiku ndio pia wakati wa radi za ziwani, maana maji huhifadhi joto nchi kavu inapopoa, na mawingu hukusanyika juu ya ziwa. Kila umeme ulipopiga, spika ilikwaruza. Msikilizaji wa Nyanza alijifunza mapema kuipambanua sauti ya mtu na ghadhabu ya mbingu.

Fumbo la kwanza kubwa lililowafikia wasikilizaji wa Kiswahili lilitoka upande wa kaskazini. Mwaka 1954 Redio Cairo ilianza matangazo ya Kiswahili dhidi ya ukoloni, na miongoni mwa waliosikika humo alikuwa Mzanzibari Ahmed Rashad Ali. Sauti hiyo ilijulikana mwenyewe. Lakini mwaka 1957 ikazuka nyingine, iliyojiita Sauti ya Uhuru wa Afrika, kali kuliko ya kwanza, ikidai kwamba inatangaza kutoka ndani ya bara letu. Waingereza waliokuwa wakiyafuatilia mawimbi yake walikata shauri kuwa inatoka Misri. Ikawa hapo kuna mambo mawili kwa pamoja: maneno ambayo wasikilizaji wengi waliyaona ya kweli, na anwani ambayo haikuwa ya kweli. Mtu aliyezoea kusikiliza alilazimika kujiuliza swali ambalo gazeti halikuwahi kumtaka ajiulize: je, msemaji akificha mahali alipo, anachosema kinapungua uzito? Mkoloni alijibu kuwa ndiyo. Wengi wa wasikilizaji walijibu kwa kuendelea kusikiliza.

Baada ya hapo anga ilijaa. London ilianza Kiswahili mwaka 1957, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 zikafuata Moscow, Peking, Washington na Cologne. Dar es Salaam nayo iliwapa wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika nafasi ya kusema na watu wao kupitia mitambo yake. Katika redio moja ndogo ya betri ulimwengu mzima uligombania sikio la mvuvi.

Sikio hilo lilipata mtihani wake mkubwa mwaka 1978. Kwa miaka mingi Redio Uganda ilisikika katika kilohezi 4976 na 5026, na Redio Tanzania Dar es Salaam katika kilohezi 5050. Kwenye kioo cha redio ya kawaida, nafasi kati ya 5026 na 5050 haizidi unene wa ukucha. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera, mwezi wa Oktoba, Kampala ilidai kuwa Tanzania ndiyo iliyoanza kushambulia. Tarehe 1 Novemba ikatangaza kuwa nchi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera sasa ni ya Uganda. Na kesho yake, tarehe 2 Novemba, Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa na kutangaza azma ya kumpiga mvamizi. Mtu wa ziwani aliweza kuzisikia nchi mbili zilizo vitani kwa kukizungusha kitufe bila hata kukitoa kidoleni. Wala vita havikubaki katika spika. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuwa ikimsaidia Amin, iliilenga Mwanza, na mabomu yake yakaangukia kisiwa cha Saanane, penye hifadhi ya wanyama. Tarehe 11 Aprili sauti mpya ikasikika kutoka Kampala, ya Luteni Kanali David Oyite-Ojok, ikitangaza kuwa Amin ameangushwa. Masafa yalikuwa yaleyale. Aliyebadilika ni mwenye kinywa.

Zaidi ya vituo vinavyobishana, kuna vile visivyobishana na mtu. Anayezungusha redio ya masafa mafupi usiku hukutana, mara chache, na sauti isiyo na furaha wala huzuni ikisoma tarakimu tano tano, kisha ikanyamaza bila ya kwaheri. Wapenda redio duniani wamezifuatilia sauti hizo kwa miaka mingi, wakaandika saa, masafa na lugha. Kimoja mashuhuri, kilichofungua matangazo yake kwa wimbo wa kienyeji wa Kiingereza, kilifuatiliwa hadi kikajulikana kuwa kinatoka kisiwa cha Kupro, na kikanyamaza mwaka 2008. Siri yake ni nyepesi kuielezea. Mpelekaji na mpokeaji huwa na karatasi mbili zenye tarakimu zilezile zilizopangwa bila utaratibu wowote. Kila karatasi hutumika mara moja tu, kisha huharibiwa. Asiye na karatasi hiyo hata akisikiliza umri wake wote hapati neno. Si hadithi za mitaani: Ana Montes, ofisa wa ujasusi wa jeshi la Marekani aliyekamatwa Septemba 2001, alikuwa akipokea maagizo ya Cuba kwa njia hiyo, kwa redio ya kawaida iliyouzwa madukani.

Wapenzi wa ushairi watatambua hapa jamaa wa karibu wa sanaa yao. Wahenga walisema, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Lakini fumbo la mshairi limeachiwa mlango. Mwenye subira na lugha huingia. Fumbo la tarakimu halina mlango ila kwa mmoja. Wote wanasikia, na hakuna anayeambiwa.

Unguja nayo iliwahi kuwa na masikio ya namna hiyo, tena makubwa kuliko ya mtu yeyote binafsi. Oktoba 1957 Warusi walipokirusha chombo cha Sputnik, mlio wake wa megahezi 20.005 ulinaswa na kila mwenye redio iliyofika masafa hayo, kwa muda wa majuma matatu. Miaka mitatu baadaye Uingereza na Marekani zilikubaliana kujenga Tunguu kituo cha kufuatilia safari za anga za mradi wa Mercury. Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, alizungumza na wataalamu waliokuwa kisiwani kwetu. Lakini wengi visiwani hawakuamini kuwa antena zile ni za kusikiliza tu. Walihofia kuwa ni kituo cha makombora. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali mpya ilitaka kituo kiondolewe, na mwaka huohuo kikaondolewa. Tusiwacheke wazee wetu kwa hofu ile. Chombo kinachosikiliza bila kueleza kinamsikiliza nani, hutia shaka kama vile sauti inayosema bila kujitaja jina.

Miaka sita baadaye, kutoka jukwaa la Waitalia lililosimama baharini karibu na Malindi, kilirushwa chombo cha Marekani cha kutafuta nyota zinazotoa miale ya eksirei. Ilikuwa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, na chombo kikaitwa Uhuru. Neno la Kiswahili lilizunguka juu ya vichwa vyetu, likituma tarakimu ambazo safari hii zilichapishwa kwa walimwengu wote.

Mwanza yenyewe haikubaki kusikiliza tu. Kituo cha Radio Free Africa, kilichoanzishwa mjini humo katika miaka ya 1990, kilirusha matangazo ya masafa ya kati katika kilohezi 1377, na wasikilizaji wa kaskazini ya Ulaya walikesha katika majira ya baridi ili wakinase. Redio ya Zanzibar nayo, kwa mtambo wake wa Dole, ilijulikana kwao kwa kilohezi 11735. Huko, Kiswahili chetu ndicho kilichokuwa sauti ya ajabu gizani, na taarabu yetu ndiyo iliyokuwa ushahidi kuwa kituo kimepatikana.

Kuna anayeweza kuuliza, faida ya upenzi huu ni nini? Mwaka 1994 tulipewa jibu. Nchini Rwanda redio ya RTLM, yenye jina na anwani, ikisikika vizuri bila mkwaruzo wowote, iliwahimiza watu kuua jirani zao. Mwezi wa Mei mto Kagera uliileta miili ya waliouawa mpaka ziwani. Usafi wa sauti na jina la kituo si dhamana ya ukweli. Aliyekulia kwenye mikwaruzo, akazoea kulinganisha Kampala na Dar es Salaam na London kabla hajalala, alikuwa na kinga ambayo mwenye kituo kimoja hana.

Leo mitambo mingi ya masafa mafupi imenyamaza, na hata setilaiti za zamani za hali ya hewa za Marekani, ambazo wapenda redio walizipokea kwa antena za kujitengenezea, zilizimwa mwaka 2025. Nyaraka za watangazaji zimo makabatini, haba au nyingi. Nyaraka za wasikilizaji zimo vichwani mwa wazee wa Mwanza, Musoma, Bukoba na visiwani, na katika madaftari ambayo wajukuu huyatumia kuwashia moto. Wenye kuandika historia wangeanza huko, maana mzee akifa huenda na kituo ambacho hakuna mwingine aliyekisikia.