Maji, Ada na Watoto Tanzania
Mwaka 1971 serikali ya Tanzania ilianzisha mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwanakijiji maji safi ndani ya mita 400, umbali ambao msichana aliyezoea kudamka na ndoo angeweza kuutembea bila kuchelewa shule. Pampu nyingi zilikwama kwa kukosa dizeli na vipuri, na Sera ya Maji ya 1991 ikaleta uchangiaji, yaani watumiaji kubeba sehemu ya gharama. Dar es Salaam usambazaji ulikabidhiwa kampuni binafsi ya City Water mwaka 2003, mkataba ukavunjwa Mei 2005. Katika mitaa isiyo na mabomba, ambako mageuzi hayo yalisikika zaidi kuliko yalivyoonekana, familia ziliendelea kununua maji ya madumu kwa bei iliyozidi ya bomba, na kuhara kukaendelea kuwasumbua watoto.