Stesheni ya Syokimau: Historia na Huduma Zake

Stesheni ya Reli ya Syokimau iko katika Kaunti ya Machakos, karibu na Barabara ya Mombasa, takribani kilomita 16 kutoka katikati ya jiji la Nairobi. Ilifunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki tarehe 13 Novemba 2012, ikiwa miongoni mwa miradi ya Ruwaza ya Kenya ya 2030.

Stesheni hiyo ilijengwa ili kupunguza msongamano wa magari katika Barabara ya Mombasa. Mkazi huacha gari lake kwenye maegesho ya stesheni, kisha husafiri kwa treni hadi Stesheni Kuu ya Nairobi kupitia Imara Daima na Makadara. Ratiba hufuata saa za kazi: asubuhi treni huelekea mjini, na jioni huwarejesha abiria nyumbani. Anayechelewa treni ya asubuhi hana budi kutumia matatu au gari lake.

Treni hizo hutumia reli ya zamani, ambayo ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899. Upana wake ni milimita 1,000. Tarehe 31 Mei 2017, Rais Uhuru Kenyatta alizindua safari za abiria za reli ya kisasa ya SGR kutoka Mombasa, yenye upana wa milimita 1,435. Kwa kuwa treni ya reli moja haiwezi kupita juu ya nyingine, na SGR haifiki katikati ya jiji, abiria wa Mombasa wanaoelekea mjini kwa treni hushukia Nairobi Terminus, katika eneo la Syokimau, na kubadilisha treni.

Ni muhimu kutofautisha vituo viwili vilivyo katika eneo hilo. Stesheni ya Syokimau huhudumia wasafiri wa kila siku, ilhali treni ya Madaraka Express huanzia kituo cha Nairobi Terminus. Treni za kuunganisha kati ya Terminus na Stesheni Kuu hupangwa kwa kufuata ratiba ya Madaraka Express.

Abiria wa Madaraka Express hutakiwa kuwa na kitambulisho cha taifa au pasipoti, na kufika mapema kwa ajili ya ukaguzi wa usalama. Wananchi wanashauriwa kuthibitisha ratiba na nauli kwa Shirika la Reli la Kenya kabla ya kusafiri.