Kimya cha Rubani, Kimya cha Kisiagi

Chumba ninachokodi Githurai kimepakana na kisiagi. Kuanzia saa mbili asubuhi mashine inanguruma, ukuta unatetemeka, nami niko kitandani na laptopu nikiandika maneno ya watu nisiowajua. Hii ndiyo kazi niliyoangukia baada ya kuacha chuo mwaka wa pili. Natumiwa sauti zilizorekodiwa, naziweka kwa maandishi, nalipwa kwa dakika. Nikikosea, kazi inarudishwa. Kwa hivyo nikisema kimya ni unga, sifanyi mzaha.

Wazo la kuua sauti kwa sauti si la juzi. Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza Marekani mwaka 1936: chukua wimbi la kelele, lipige na wimbi lililogeuzwa juu chini, yote mawili yafutane. Wazo zuri, lakini vifaa vya wakati huo havikuliweza. Mwaka 1978 Amar Bose, profesa wa MIT, alikuwa kwenye ndege kutoka Zurich kwenda Boston. Akavaa visikizi vya ndege, muziki ukamezwa na injini. Akaanza kupiga hesabu papo hapo angani. Ilichukua hadi 1989 kampuni yake kuuzia marubani visikizi vya kuzima kelele, na 2000 ndipo abiria wa kawaida wakapata QuietComfort.

Sony nao walifuata njia nyingine. Mwaka 1979 walitoa Walkman, ili mtu atembee na muziki wake. Mmoja alikimbia kelele, mwingine alibeba wimbo. Njia hizo mbili zilikuja kukutana shingoni.

Nimetumia zote mbili, mitumba. Bose QuietControl 30 ya 2016 ni yangu. Sony WI-1000X ya 2017 niliazimwa na jirani. Zote ni pete ya shingoni yenye nyaya fupi za masikioni, na zote zimetajwa kudumu saa kumi kwa chaji. Bose inakuruhusu kupandisha na kushusha kimya kidogo kidogo, kama sauti ya redio. Sony ina kitu ambacho Bose haina: waya wa kuchomeka. Kwangu huo waya ndio umeamua kesi, maana Bluetooth ya laptopu yangu ilikufa kitambo.

Kisiagi je? Zote zinakimeza. Teknolojia hii hupenda kelele nzito isiyobadilika, na kisiagi ni injini ya ndege isiyoruka. Honi ya matatu na mtoto anayelia hupenya, kwa sababu hubadilika haraka.

Lakini kubisha mlango, ukiwa na sauti ya mteja masikioni, huwezi kusikia. Wiki jana mama alitoka nyumbani bila kunipigia simu. Alibisha hadi akachoka, akaketi kwa ngazi na kikapu chake. Jamaa wa kisiagi ndiye aliyemwambia, "Yuko ndani, mama. Yeye huwa hatoki. Gonga dirisha."

Nilipofungua, alinitazama shingoni, kisha laptopu.

"Leo hakuna masomo?"

Miezi minane nilikuwa nimemwacha aamini. Nilivua ile pete, ngurumo ikarudi yote kwa mpigo, na ikabidi nimwambie kwa sauti ya juu.