Mwezi wa Babu

Hapa Dumila, barabara ya Kilosa inapoachana na ya Dodoma, vijana wa stendi wakikasirikiana huitana manamba. Nimefundisha shule ya msingi hadi kustaafu, na kila nilipomsikia mtoto akilitamka neno hilo nilimuuliza maana yake. Wengi walijibu: mshamba, mtu wa kuja. Mimi ni mjukuu wa manamba, na jibu hilo liliniuma kila mara.

Manamba ni namba ya Waingereza iliyotiwa ma- yetu, kama makarani na madereva. Kibarua wa mkataba alipewa namba, na siku ya malipo iliitwa namba, jina likabaki kambini. Babu alitoka Kasulu. Alipanda garimoshi Kigoma, kwenye reli ambayo Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha ziwani 1914, akashuka Kimamba, kwenye mkonge. Kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kukusanya vibarua, SILABU. Bibi alilitaja jina hilo kana kwamba ni la mtu: "Silabu alikuja, akamchukua babu yako."

Neno ninalolitafakari zaidi ni kipande. Kenya, kipande kilikuwa hati ya kumtambua Mwafrika, wanaume wakaivaa shingoni ndani ya kijaluba cha chuma, na mpaka leo Wakenya huita kitambulisho kipande. Kwenye mkonge wetu kilikuwa kadi ya kazi yenye vyumba 30. Ukimaliza ngwe yako, yaani mafungu uliyopangiwa, kila fungu majani 30, karani anatia alama chumba kimoja. Usipoimaliza, hata kama umeinama juani tangu alfajiri, chumba kinabaki kitupu. Malipo yalingoja kadi ijae.

Kwa hiyo "siku" kwa babu haikuwa kuchwa na kucha. Alikuwa akisema, "Leo sikupata siku," na jua limeshazama. "Mwezi" pia haukuandama angani. Uliweza kuchukua mwezi na nusu wa kalenda. Nikiwa mdogo nilidhani mzee amechanganyikiwa. Nilipoanza kufundisha hesabu ndipo nikaelewa kwamba yeye alikuwa sahihi, na kwamba maneno ya kwanza kabisa ya Kiswahili, siku na mwezi, yalikuwa yamegeuzwa ili yampimie mtu jasho.

Maneno mengine yamekuwa na bahati. Hela ilikuwa sarafu ndogo ya Wajerumani, 100 kwa rupia moja. Waingereza waliiondoa, nasi tukalibakiza jina kwa fedha zote. Thumuni, senti 50, imezikwa pamoja na senti zenyewe.

Halafu kuna korona. Hilo lilikuwa jina la mashine ya Kijerumani ya kuchakata mkonge, na wafanyakazi wakaliita jengo zima korona: maji machafu, majani yanaingia upande huu, singa nyeupe zinatoka upande ule. Machi 2020 redio ilipotangaza kwamba korona imeingia nchini, mzee mmoja jirani yangu, aliyekulia mashamba ya Rudewa, aliniuliza kwa furaha, "Mwalimu, wameifungua ipi?" Ilibidi nikae naye kwenye benchi nimweleze ugonjwa. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaanza kunisimulia jinsi mlio wa mashine ile ulivyosikika usiku kucha.

Mkebe wa tumbaku wa babu ninao, na ndani yake mna kipande kimoja. Vyumba 19 vina alama ya wino, 11 ni vitupu. Bibi alisema mwezi ule alishikwa na homa, na shamba halikumlipa hata senti kwa zile 19. Jina lake halimo popote kwenye kadi hiyo. Pembeni juu, kwa penseli, pameandikwa namba.