Diskalkulia

Diskalkulia (kutoka Kigiriki dys, "vibaya", na Kilatini calculare, "kuhesabu") ni ugumu wa kudumu wa kujifunza namba na hesabu unaompata mtu mwenye akili ya kawaida. Hutokana na jinsi ubongo unavyokua. Si uvivu wala utundu. Ni tofauti na akalkulia, yaani kupoteza uwezo wa kuhesabu baada ya ubongo kuumia, kwa mfano kutokana na kiharusi.

Mwanasaikolojia Ladislav Košč wa Chekoslovakia aliielezea mwaka 1974. Makadirio mengi husema huwapata watoto 3 hadi 7 kati ya 100.

Dalili

Mtoto huendelea kuhesabu kwa vidole wakati wenzake wameshaacha, husahau leo jedwali la kuzidisha alilolijua jana, huchanganya 17 na 71, na hupata shida kusoma saa au kurudisha chenji.

Nchini Tanzania

Si kila anayefeli hisabati ana diskalkulia. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2022, takriban mtahiniwa mmoja tu kati ya watano alifaulu somo hilo. Waliofeli ni wengi mno kuliko makadirio ya wenye diskalkulia, hivyo kuna sababu nyingine, kama vile msingi dhaifu wa shule ya msingi na kufundishwa kwa Kiingereza. Katika umati huo mwenye diskalkulia hatambuliki kwa urahisi.

Masasi na Newala, mkoani Mtwara, lugha za nyumbani ni pamoja na Kimakonde, Kimakua na Kiyao, ambazo huita sita "tano na moja". Maneno ya Kiswahili sita, saba na tisa, yenye asili ya Kiarabu, hayaonyeshi muundo huo. Mtoto anayekwamishwa na maneno tu hufanya vizuri akiulizwa kwa lugha ya nyumbani. Mwenye diskalkulia hukwama kwa lugha zote mbili.

Asiposaidiwa, ugumu humfuata ukubwani. Mkulima wa korosho huuza kupitia chama cha msingi cha ushirika, na asiyeweza kukokotoa kilo, bei na makato hawezi kuhakiki malipo yake.

Msaada

Diskalkulia haina dawa, lakini mafunzo hupunguza ugumu. Hufaa kutumia vijiti au vifuniko vya chupa vilivyopangwa vitano vitano, kuchora mstari wa namba, kuongeza muda wa mtihani na kuepuka viboko, kwani hofu huzidisha tatizo.