Mshenga na Ng'ombe wa Mahari: Mapokeo Mawili ya Kujaribu Programu

Mshenga akirudi kutoka kwa kina binti, wazee humhoji. Ulimkuta nani? Ulianza na neno gani? Ulilirudia mara ngapi? Lakini kwa Wanyakyusa wa Rungwe, ambako mahari ni ng'ombe, baba wa binti ana njia fupi zaidi ya kujua mambo yamefikia wapi: anakwenda zizini kuhesabu.

Wanaotengeneza programu za kompyuta nao wamegawanyika hivyo hivyo. Mapokeo ya zizini yanahusishwa na Detroit, Marekani, ambako katika miaka ya 1990 Kent Beck na wenzake walijenga programu ya mishahara ya kampuni ya Chrysler. Wao huendesha msimbo, kisha hutazama kilichobaki: salio, rekodi, jibu. Mapokeo ya mshenga yalikulia London. Mwaka 2000 Tim Mackinnon, Steve Freeman na Philip Craig walieleza matumizi ya moki, yaani kitu kinachokaimu nafasi ya kitu halisi wakati wa jaribio na kukagua miito inayokifikia: methodi ipi imeitwa, kwa thamani zipi, mara ngapi. Mwito ukikosekana, jaribio linafeli. Stabu ni ndugu yake mpole; haikagui neno, inatoa tu jibu ililopangiwa. Martin Fowler alizitenganisha mbili hizi kwa makala ya mwaka 2004, lakini hadi leo wengi wetu huziita zote moki.

Tuulete ubishi huu nyumbani. Mkulima wa Mufindi au Rungwe anafikisha majani mabichi ya chai kituoni. Programu inasoma mzani, inaongeza kilo kwenye akaunti yake, inamtumia ujumbe wa simu. Mezani kwa mtengenezaji hakuna mzani, kwa hiyo anaweka stabu inayosema kilo 18. Hapo wote wanakubaliana. Kwenye akaunti ndipo wanapoachana: wa Detroit anauliza kama kilo 18 zimeongezeka; wa London anauliza kama methodi ya kuongeza imeitwa mara moja, kwa 18.

Kwenye akaunti mimi niko zizini. Kesho nikiamua kuhifadhi kila mzigo peke yake na kujumlisha mwisho wa mwezi, mkulima hapotezi hata gramu, ila jaribio la moki litalia. Jaribio linalolia pasipo kosa huwazoesha vijana kulifuta, na siku kosa litakapokuja kweli hakuna wa kulia.

Ujumbe wa simu ni jambo jingine. Ukishatoka hauna zizi la kuhesabia. Ukitumwa mara mbili, mkulima ataamini ana kilo 36, na mwisho wa mwezi atamwita karani mwizi. Hapo nataka moki kali: mara moja tu, namba ile, kilo zile. Malipo kwa simu ni vivyo hivyo, tena zaidi.

Hata hivyo, moki hupokea hata mwito ambao huduma halisi imeshaacha kuukubali. Ni kumsifu mshenga kwa maneno matamu aliyoyatoa mlangoni pa nyumba ambayo wenyewe walishahama. Lazima majaribio machache yaende hadi kwenye huduma yenyewe. Na stabu ya mzani isijibu vizuri siku zote: umeme hukatika, mtandao hupotea kwenye ukungu wa milimani, mzani husoma sifuri.

Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Tumaini mjini Iringa, leo Chuo Kikuu cha Iringa, kilianzisha shahada ya teknolojia ya habari iliyojengwa juu ya mazingira ya hapa, Matti Tedre wa Finland akiwa miongoni mwa waasisi wake. Moyo ule bado unahitajika. Walimu wa Iringa na wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, wapeni wanafunzi mzani unaokataa kujibu kabla ya kuwafundisha kutumia Mockito, zana ya kutengenezea moki.